Mkandaji wa Hatta na Mtoto wa Rafiki Yangu

Ninajua utakachosema. Utasema ni uchovu, ni joto la Dubai, ni akili ya mtu aliyekaa mbali na kwao kupita kiasi. Sema tu. Hata mimi ningekuwa wewe ningesema hivyo. Lakini mambo haya hayakumpata binamu wa jirani yangu, wala sikuyasikia kwa abiria mwenzangu kwenye metro. Yalinipata mimi, nikiwa na akili zangu timamu, mchana, jua likiwaka juu ya milima ya Hatta. Na niliyekuwa naye bado yuko hai, anaishi mwendo mfupi tu kutoka hapa. Ukimuuliza atakwambia hakuna kilichotokea. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.

Nianze na yeye, Mama Manu.

Tulikuwa tunakaa chumba kimoja Karama, hapa Dubai, wanawake kadhaa, vitanda vya ghorofa. Yeye alilala juu, mimi chini yake. Mimi nafanya kazi ya mapokezi kwenye jengo la makazi kule Silicon Oasis, na yeye alikuwa yaya, akilea mapacha wa madam mmoja. Sote ni Wabukusu, yeye wa Webuye, mimi wa Kitale, na unajua inavyokuwa ukimpata mtu wa kwenu ugenini. Mnakuwa ndugu kabla hata hamjaulizana ukoo. Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Manu tu. Hata Mhindi wa duka la chini alimwita hivyo, akidhani ndilo jina lililoandikwa kwenye pasipoti.

Manu ni Emmanuel, mwanawe wa pekee. Alimwachia mama yake mzazi, yule tunayemwita kukhu, yaani nyanya, mtoto akiwa bado anaanza kuongea. Wakati wa kisa hiki Manu alikuwa ameanza shule. Kila jioni Mama Manu alimpigia simu ya video, mtoto anamwonyesha pengo la jino, anamwonyesha kuku, anamwimbia. Mama anacheka mpaka simu ikatike. Kisha anapanda kitandani kwake, anageukia ukuta, na mimi huku chini nasikia kitanda kikitikisika polepole. Mchana kutwa alikuwa akiwaogesha watoto wa mwenzake na kuwalisha na kuwabembeleza, jioni analia kwa ajili ya wake. Mara ngapi nilinyoosha mkono nikagonga ubao wa kitanda chake, kumwambia kwamba nipo? Sihesabu.

Ikatokea kwamba madam wake alikuwa ameweka nafasi ya wikendi kwenye hoteli ya mapumziko huko Hatta, yeye na dada yake, na dada akaugua. Madam akamwambia Mama Manu, "Nenda wewe na rafiki yako. Mpumzike." Tulidhani anatania. Lakini Ijumaa tukitoka kazini tulikuwa kwenye basi, kila mmoja na kibegi chake, tukicheka kama wasichana wa shule waliotoroka.

Hoteli yenyewe iko chini ya milima, majengo mafupi ya rangi ya mchanga, mitende, kimya. Wageni wanavaa majoho meupe ya taulo na kutembea polepole kama wagonjwa matajiri. Kuna bwawa, kuna chumba cha mvuke, kuna maji ya kunywa yaliyotiwa vipande vya tango. Mama Manu alipiga picha kila kitu, hata mito.

"Aki dada, huu mto unanukia maua," aliniambia. "Hapa nikilala sitaamka."

Jumamosi asubuhi tulikuwa tumepangiwa kukandwa, kila mtu chumba chake. Changu kilipakana na kingine, katikati ukuta mwembamba wa mbao. Mimi nilichukuliwa na binti wa Kifilipino, mpole, mikono yenye nguvu. Mama Manu alibaki kwenye benchi ukumbini akimsubiri wake. Nilipokuwa naingia niligeuka kumpungia mkono, na hapo ndipo nilipomwona yule mwanamke kwa mara ya kwanza.

Alikuwa Mwafrika, mrefu, amevaa sare nyeupe ya wakandaji, miguu mitupu. Umri wake siwezi kukwambia. Niamini, nilimtazama usoni, tena kwa karibu, lakini ukiniuliza leo alikuwa na pua ya namna gani sina jibu. Ninachokumbuka ni harufu. Hakunukia mafuta kama wakandaji wengine. Alinukia maziwa, ile harufu ya kifua cha mama anayenyonyesha, maziwa yaliyoanza kuchachuka kwenye nguo. Na kweli, sare yake ilikuwa na unyevu kifuani, mabaka mawili.

Alimwambia Mama Manu kwa Kibukusu, "Njoo, mwanangu."

Mama Manu aliruka kwa furaha. Kibukusu, Hatta! Nami nilifurahi pia, nikaingia kwangu.

Nimelala kifudifudi, binti ananikanda mabega, nikaanza kuwasikia kupitia ule ukuta. Mwanamke alikuwa anaongea Kibukusu cha zamani, kile cha nyanya zetu.

"Hapa pagumu kama jiwe. Umebeba nini, mwanangu?"

"Mawazo tu, mama."

"Mawazo ya nani?"

"Ya mtoto. Nimemwacha nyumbani. Kila siku namlilia."

Mwanamke akauliza, "Nikutue?"

Mama Manu akacheka, kicheko cha mtu anayesinzia. "Nitue tu, mama. Hata sasa hivi. Nimechoka."

"Sema umenipa."

"Haya. Nimekupa."

Maneno hayo hayakunipendeza, lakini ungefanya nini wewe? Ungeinuka na taulo ukavunje ukuta? Watu husema mengi wakikandwa. Nikamuuliza yule binti, kwa Kiingereza chetu cha kazini, mwenzake wa upande wa pili ni mtu wa nchi gani. Mikono yake ikasimama.

"Upande huo hakuna mtu," alisema. "Chumba hicho kimefungwa, kinavuja maji."

Nilitoka mbio. Mama Manu alikuwa amekaa kwenye benchi lake, amejifunga joho, anakunywa maji. Alikuwa amependeza, sijui nikwambieje. Alikuwa na mikunjo miwili kati ya nyusi, ile inayokuja kwa kulia, na ilikuwa imetoweka. Mabega yamenyooka. Nilimwita, "Mama Manu!"

Hakugeuka.

Nikamwita tena. Akatazama huku na huku, kama mtu anayesikia jirani akiitwa. Mpaka nilipomshika mkono ndipo aliponitabasamia. "Dada, yule mama ana mikono! Najihisi mwepesi kama karatasi."

Nilijiambia ni usingizi wa mafuta. Tukaenda kuogelea. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo alivua joho mbele yangu, kama tulivyozoea siku zote, na mimi nikaona tumbo lake. Mama Manu alimzaa Manu kwa upasuaji. Kovu lake nalijua, limekaa vibaya, limevimba upande mmoja, hata alikuwa akilalamika kwamba huwasha wakati wa baridi. Sasa halikuwepo. Tumbo lilikuwa laini na limebana, tumbo la msichana ambaye hajawahi kubeba kitu.

Nilikaa kwenye ubao nikajifanya nafunga nywele.

Mchana kulikuwa na gari la hoteli la kuwapeleka wageni bwawa kubwa la milimani, lile la maji ya kijani ambalo watu hupiga kasia kwenye vimashua vya plastiki. Nilikubali kwenda kwa sababu nilitaka tutoke pale. Tulikodi kimashua, mimi nyuma, yeye mbele, akiimba. Alikuwa anaimba! Milima imetuzunguka, miamba mitupu, hakuna kivuli. Tulipofika katikati ya maji nilimwona tena yule mwanamke.

Alikuwa amesimama ng'ambo, kwenye mwamba ambao hauna njia ya kuufikia kwa miguu, bado amevaa ile sare nyeupe. Safari hii hakuwa peke yake. Alikuwa amemshika mtoto mkono. Mtoto wa kiume, amevaa sweta la shule la rangi ya zambarau na kaptura. Jua la Hatta, sweta! Sweta hilo nililinunua mimi mwenyewe Karama, nikamtumia Manu kupitia mtu aliyekuwa anarudi nyumbani. Lina mfuko mmoja tu, upande wa kushoto.

Kasia lilinidondoka. "Tazama kule," nilimwambia. "Tazama, unaona nini?"

Mama Manu aliweka kiganja juu ya macho. "Naona mama wa masaji. Na mtoto." Alitazama kidogo, kwa upole tu, kama unavyotazama mtoto wa mpita njia. "Ni mzuri. Wazazi wake wako wapi, wanamwacha juani hivi?"

Mtoto akatupungia mkono. Mama Manu naye akampungia, kisha akageuka na kuendelea kuimba.

Hapo simu yangu ikaanza kuita. Ni kukhu, kutoka Webuye. Yeye hunipigia mimi akimkosa binti yake. Alikuwa analia. Alisema Manu alikuwa anacheza uani na sweta lake, akaketi chini, akalala, na sasa hawezi kuamshwa. Anapumua, lakini ukimwita hasikii. Mwalimu jirani alikuwa anatafuta pikipiki ya kumpeleka hospitali. "Mpe mama yake simu," kukhu alisema.

Nikampa. Nilimsikia akisema kwa heshima, "Pole sana, mama. Nafikiri umekosea namba." Akanirudishia.

"Manu ni mgonjwa," nilimwambia.

"Manu nani?"

Nilimtazama usoni nikitafuta mzaha. Hakukuwa na mzaha. Nikamfungulia picha kwenye simu, picha zao wawili, Manu mchanga kifuani kwake, Manu mgongoni. Akazitazama moja baada ya nyingine. "Siku hizi kompyuta inatengeneza chochote," alisema. "Mbona umeniweka na mtoto wa watu?" Nilipoinua macho, mwamba ulikuwa mtupu.

Jioni ilikuwa inaanza tuliporudi hotelini. Nilimwacha Mama Manu chumbani nikaenda mapokezi. Pale kulikuwa na kaka mmoja, Suleiman, wa familia ya Kizanzibari iliyokaa Dubai tangu zamani. Tulikuwa tumesalimiana naye tulipofika. Nikamwambia yote. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alitoka nyuma ya meza akanivuta pembeni.

"Bibie, sisi hatuna mkandaji wa Kiafrika hapa," alisema. "Hatujapata kuwa naye. Lakini si wewe wa mwanzo kuniuliza. Alikuja bibi mmoja wa Kifilipino na mumewe. Yeye alikandwa na mtu anayesema lugha ya kwao kijijini. Wallahi, aliondoka hapa anacheka, na mume yuko nyuma yake analia. Sikupata kujua alitoa nini."

"Nifanye nini, kaka?"

"Mie si mganga, dada yangu. Sijui." Alitazama nje, jua lilikuwa limegusa mlima. "Kama alimpa kwa maneno, basi na arudi akamwambie kwamba anamtaka mwanawe. Nendeni sasa hivi. Akishaondoka naye, utamdai wapi?"

Wewe niambie, mtu asiyemjua mwanawe utamfanyaje aseme anamtaka? Nilimkokota Mama Manu mpaka kwenye vile vyumba. Wakandaji walikuwa wameshamaliza kazi. Suleiman alitufungulia mlango wa chumba kile kinachovuja, akasimama ukumbini, na mdomo wake ukawa unasoma dua. Ndani kulikuwa na kitanda kimoja kisicho na shuka na dimbwi la maji sakafuni.

Harufu ya maziwa ilitangulia. Kisha akawa pale, kwenye pembe, kama alikuwepo muda wote na macho yangu ndiyo yaliyochelewa. Manu alikuwa amelala begani kwake, uso ameuficha shingoni.

Nikasema, "Mrudishe."

"Nimepewa," alisema. Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka sana. "Mama yake huyu hapa. Muulize."

Nikampigia magoti rafiki yangu. Nilimwomba kwa jina la Mungu, kwa jina la mama yake. "Sema ni wako. Hata kama huamini, sema tu, nifurahishe mimi."

Mama Manu alikuwa anaogopa, lakini hakumwogopa yule mwanamke. Aliniogopa mimi. "Dada, unaumwa," alisema. "Mimi sina mtoto. Sijawahi kuzaa. Kwa nini nichukue mtoto wa huyu mama?"

Mwanamke akageuka kuondoka. Kuelekea ukutani, elewa, si mlangoni. Na Manu, bado usingizini, akaanza kulia, kile kilio chembamba nilichokuwa nakisikia jioni kwenye simu, mama akimwambia kwaheri. Mimi sijawahi kuzaa. Sikuwa nimepanga kusema nilichosema. Kilitoka tu.

"Basi nipe mimi. Ni wangu."

Akasimama. "Utambeba?"

"Nitambeba."

"Hata akiwa mzito?"

"Nimesema nitambeba."

Alinisogelea, akaniwekea mikono mabegani. Ilikuwa ya moto na mikavu. Nilihisi uzito ukishuka, uzito wa kweli, magoti yakakunjika nikaanguka kwenye yale maji, na tumboni nikapata maumivu kama nimepasuliwa kwa kisu. Kabla macho hayajafunga niliuona uso wake, na ulikuwa na machozi.

Waliponizindua, Suleiman alikuwa ananipepea, na simu yangu ilikuwa inaita. Kukhu. Manu ameamka njiani kabla hata ya kufika hospitali, ameomba uji. "Lakini anasema jambo la ajabu," kukhu alisema. "Anasema anataka kuongea na mama, nami nikimtajia jina la mama yake anakataa. Anakutaja wewe."

Basi, ndivyo ilivyokuwa. Kilichobaki ni haya ninayoishi nayo.

Yule niliyekuwa nikimwita Mama Manu alihama Karama baada ya muda mfupi. Anang'aa, analala vizuri, ameolewa na mtu wa Uganda na wanaishi upande wa Sharjah. Hajibu tena simu za kwao, maana mama yake kila akipiga anamtajia mtoto, na yeye ameona ni wazimu. Kukhu anaamini binti yake ameharibiwa na Uarabuni, na mimi sijapata ujasiri wa kumweleza. Tumekutana mara moja sokoni. Alinikumbatia, akaniuliza, "Yule mtoto wako hajambo?"

Mimi nina kovu tumboni. Limekaa vibaya, limevimba upande mmoja. Daktari alilitazama akasema ni la miaka mingi, akaniuliza nilijifungulia wapi. Mwanamume aliyekuwa amenichumbia alipoliona alisema nilimficha mtoto, na nikamwachia aende, ningemwambia nini? Usiku nageukia ukuta. Binti anayelala juu yangu siku hizi amewahi kugonga ubao wa kitanda akaniuliza nina nini.

Na kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Nimeanza kukumbuka. Wodi yenye madirisha ya buluu, mvua juu ya mabati, mkunga akiniambia nisukume, kisha wakinikimbiza kwenye upasuaji. Hospitali ya Webuye sijawahi kukanyaga. Lakini nakumbuka alivyolia walipomtoa, na uzito wake walipomlaza kifuani pangu.

Kwa hiyo wewe unayesoma, uliyemwacha mtu nyumbani, ukienda huko kwenye mahoteli ya milimani ukapumzike, pumzika. Oga, kula, lala. Lakini akija mtu akakusemesha kwa lugha ya nyanya yako akakuuliza umebeba nini, usimjibu. Vaa nguo zako utoke. Usimwambie umemchoka uliyemwacha nyumbani, hata kwa utani, hata kama umechoka kweli. Wapo wanaosubiri kusikia hilo.

Desemba hii narudi Kenya. Manu ameniambia atakuja kunipokea uwanja wa ndege na kukhu, amevaa viatu vipya. Nitakapomwona mlangoni atakimbia kuja kwangu akiniita mama, mbele ya yule bibi aliyemzaa mama yake halisi, na mimi nitaitika.